Kwetu Kofifi: Mtaa wa Sophiatown Uliobomolewa Ukabaki Midomoni

Ndugu msomaji, makala hii ilianza kwa ubishi.

Jumamosi moja klabu yetu ilikutana kwa mazoezi ya mazungumzo, na swali la siku lilikuwa lile ambalo kila anayeanza Kiswahili hulipitia: kwenu ni wapi? Wenzetu wa Tanzania walijibu kama wanavyojibu siku zote, kwa kutaja kijiji cha babu, hata kama hawajawahi kulala huko wiki mbili mfululizo. Wenzetu wa Kongo wakataja Bukavu, Uvira na Lubumbashi. Ikafika zamu ya dada mmoja aliyezaliwa na kukulia Soweto. Akasema neno lenyewe halimpi taabu, maana Wazulu nao husema *kwethu* na maana ni ileile. Taabu ni jibu. Yeye kwao ni Meadowlands. Lakini bibi yake, aliyeishi Meadowlands zaidi ya miaka hamsini hadi akafia huko, hakuwahi kusema kwao ni Meadowlands hata siku moja. Alisema kwao ni Kofifi.

Tukamuuliza Kofifi ni mkoa gani. Akacheka. Kofifi, akatuambia, ni jina la mapenzi la Sophiatown, mtaa ulioko kilomita chache tu magharibi ya katikati ya jiji hili la Johannesburg tunamosoma. Wengi wetu tulikuwa tumepita karibu nao mara nyingi bila kujua. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Inawezekanaje mtu akae mahali nusu karne na zaidi, azae na alee hapo, halafu aseme kwao ni mtaa ambao nyumba yake ilikwisha bomolewa kabla hata watoto wake hawajakua? Wengine walisema ni ukaidi wa wazee. Wengine walisema hapana, kuna jambo. Tukaamua twende tukaone, na tulipotoka huko tukaenda maktaba. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mtaa wenye majina ya watoto

Ukifika Sophiatown leo bila kuambiwa chochote, hutaona cha ajabu. Ni nyumba za chini zenye bustani, ukuta, geti na mbwa anayebweka nyuma ya geti. Barabara ni tulivu. Kinachotakiwa ni kusoma vibao vya kona: Toby, Gerty, Bertha, Edith, Ray. Ukiyasoma harakaharaka utadhani mtu anaita watoto wake waje kula chakula cha jioni. Na ndivyo ilivyo. Mwaka 1897 mfanyabiashara aitwaye Herman Tobiansky alinunua shamba la ekari 237 mahali hapa, akalikata viwanja. Mtaa akaupa jina la mkewe, Sophia, na barabara akazipa majina ya watoto wake.

Tobiansky alitarajia kuwauzia Wazungu. Lakini mahali penyewe palikuwa mbali na mji wa wakati ule, na halmashauri ilipojenga mitambo ya majitaka karibu na hapo, wanunuzi wa Kizungu walizidi kupakimbia. Viwanja vikadoda. Ilipofika karibu mwaka 1910, wenye shamba walikuwa wameanza kumuuzia yeyote mwenye fedha, Mwafrika, Mhindi, Mchina au chotara. Mwaka 1913 serikali ilipitisha sheria ya ardhi iliyomzuia Mwafrika kununua ardhi karibu nchi nzima. Waliokwisha kununua Sophiatown, pamoja na mitaa jirani ya Martindale na Newclare, wakabaki na kitu ambacho Mwafrika wa mjini Afrika Kusini hakuwa nacho kwa urahisi: hatimiliki yenye jina lake.

Msomaji, tunaomba ulishike jambo hili la hati, kwa sababu ndilo lililoujenga mtaa huu na ndilo lililouua. Katika maeneo mengine ya Waafrika mwenye nyumba alikuwa halmashauri, na halmashauri ilikuwa na msimamizi wake, uzio wake, na haki ya kumfukuza mpangaji. Sophiatown hapakuwa na uzio. Mwenye nyumba alikuwa jirani yako. Ungeweza kuingia na kutoka usiku, kupangisha chumba kwa umtakaye, kufungua duka, na kumrithisha mwanao.

Miongoni mwa wenye hati hizo alikuwamo daktari A. B. Xuma, aliyekuwa rais wa chama cha ANC kuanzia 1940 hadi 1949. Nyumba yake aliijenga mwaka 1935 kwenye barabara ya Toby, na hadi leo imesimama. Tuliposimama mbele yake, mmoja wetu alisema kwa sauti ya chini kwamba hata leo hii ingekuwa nyumba ya kujivunia. Sasa ni kituo cha kumbukumbu za mtaa.

Nyumba njema si mlango

Tusije tukaupamba mtaa huu kupita kiasi. Nyumba kama ya daktari Xuma zilikuwa chache. Kadiri watu walivyomiminika Johannesburg kutafuta kazi, hasa walipoanza kuhamishwa kutoka vichochoro vya katikati ya jiji katika miaka ya 1930, wenye viwanja walijenga vibanda vya mabati uani na kuvipangisha. Wengi walifanya hivyo kwa sababu walikuwa bado wanalipa deni la kiwanja. Ua mmoja ukaweza kuwa na familia nyingi zinazochangia bomba moja la maji na choo kimoja. Palikuwa na njaa, palikuwa na visu, na palikuwa na magenge ya vijana yaliyojiita kwa majina ya sinema na ya vita ya Wazungu: Waamerika, Waberlini, Gestapo. Mshairi Don Mattera, aliyekulia hapo na kuwa kiongozi wa genge la Vultures kabla ya kuingia katika uandishi na siasa, hakuyaficha mambo hayo alipoandika kumbukumbu zake.

Lakini wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ndani ya uchafu ule palikuwa na maisha ambayo serikali haikuyataka yawepo popote. Palikuwa na sinema iitwayo Odin, iliyokuwa pia ukumbi wa muziki na wa mikutano. Palikuwa na nyumba ambamo akina mama waliuza pombe kwa siri, maana Mwafrika alikatazwa na sheria kuuziwa pombe za Kizungu hadi mwaka 1962. Nyumba hizo ziliitwa shebini, na mama mwenye shebini aliheshimika na kuogopwa kama mkuu wa wilaya. Hapo mwalimu alikaa na mwizi, mwandishi na mpiga tarumbeta, na wakabishana mpaka alfajiri.

Mwandishi Can Themba alikuwa na chumba chake namba 111 barabara ya Ray, akakiita Nyumba ya Ukweli. Ndiye aliyeshinda shindano la hadithi fupi la jarida la *Drum* mwaka 1953, na chumba chake kikawa baraza la waandishi wa jarida hilo. Bloke Modisane alikuwa kijana wa hapo. Miriam Makeba, ambaye sisi watu wa Afrika Mashariki tunamkumbuka kwa kuupeleka wimbo wa *Malaika* duniani, aliimba katika kumbi za mtaa huu akiwa bado binti. Desmond Tutu alikaa hapa kwa mapadri alipokuwa mwanafunzi wa sekondari.

Na palikuwa na lugha. Sisi tunaosoma lugha hatuwezi kupita hapa bila kusimama. Vijana wa Sophiatown walizungumza Tsotsitaal, lugha ya mtaani ambayo mifupa yake ni Kiafrikaans na nyama yake imetoka Kizulu, Kisotho, Kitswana, Kixhosa na Kiingereza. Anayeijua Sheng ya Nairobi hana haja ya kuelezwa zaidi. Sheng nayo ilikulia katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, mifupa yake ikiwa Kiswahili na nyama ikiwa ya kila kabila lililopanga chumba pale. Lugha za namna hii hazizaliwi darasani. Zinahitaji ua mmoja, bomba moja la maji, na watoto wa makabila kumi wanaogombania mpira mmoja.

Malori ya asubuhi ya mvua

Kufikia miaka ya 1940 mji ulikuwa umekua hadi kuuzunguka mtaa. Mahali palipokuwa mbali na panuka sasa palikuwa jirani na mitaa ya Wazungu kama Westdene na Newlands. Chama cha Kitaifa cha Makaburu kilishika serikali mwaka 1948, na waziri wake wa mambo ya Waafrika tangu 1950 alikuwa Hendrik Verwoerd. Halmashauri ya jiji ilipositasita kuwahamisha watu, serikali kuu ikapitisha sheria ya makazi mapya ya mwaka 1954 na kuunda bodi yake yenyewe ya kufanya kazi hiyo.

Sababu iliyotangazwa ilikuwa kuondoa makazi duni. Ingekuwa hiyo kweli, lingebaki swali moja ambalo serikali haikulijibu: mbona aliyekuwa na hatimiliki Sophiatown hakupewa hatimiliki Meadowlands? Huko alikopelekwa angekuwa mpangaji wa serikali, yeye na wanawe. Kibanda kibovu cha uani kingeweza kubomolewa bila kugusa hati ya mwenye kiwanja. Lakini hati yenyewe ndiyo iliyokuwa ikitafutwa.

ANC kiliongoza upinzani. Nelson Mandela alihutubia katika uwanja wa mikutano wa mtaa huu mwaka 1953, na anasimulia katika kitabu chake *Long Walk to Freedom* kwamba alisema wazi siku moja kuwa wakati wa kupinga bila silaha ulikuwa unakwisha, jambo lililomletea karipio kutoka kwa viongozi wenzake. Katika kitabu hichohicho anakiri kosa. Kaulimbiu zilizotolewa ziliwafanya watu waamini kuwa chama kitapigana mpaka tone la mwisho, wakati chama hakikuwa na maandalizi ya vita. Anakiri pia jambo ambalo masimulizi mengi ya mtaa huu huliruka: wapangaji wengi walikuwa wamechoshwa na kodi za wenye nyumba, na nyumba ya Meadowlands yenye ua wake na choo chake iliwavutia. Mwenye hati na mwenye kibanda hawakuwa wanapoteza kitu kilekile.

Siku ya kuhama ilitangazwa kuwa 12 Februari 1955. Serikali ikawahi siku tatu. Asubuhi ya tarehe 9, mvua ikinyesha, askari wapatao 2,000 wenye bunduki na marungu waliuzunguka mtaa, malori yakapangwa barabarani, na familia za kwanza zikaanza kupakia vitanda, majiko na makabati. Nyumba ikishatolewa watu, wabomoaji walifuata ili asirudi mtu. Hawakuumaliza mtaa siku hiyo. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka, ua baada ya ua, hadi watu zaidi ya 50,000 walipokuwa wameondolewa. Waliobaki nyuma waliishi katikati ya vifusi, wakisubiri zamu yao. Modisane aliyaandika hayo katika kitabu chake *Blame Me on History* cha mwaka 1963, akiwa tayari uhamishoni, na anayekisoma anaelewa kuwa kwake mtaa ulikuwa kama mzazi aliyekufa mbele ya macho yake.

Kule Meadowlands watu waligawanywa kwa makabila. Wazulu huku, Wasotho kule, Watswana upande wao, na shule za watoto vivyo hivyo, kwa mujibu wa elimu mpya ya kibaguzi. Tunapoisoma habari hii kama wanafunzi wa lugha, tunaona shabaha ya pili iliyojificha nyuma ya ile ya hati. Ule ua mmoja na bomba moja lilikuwa jambo la hatari. Watu waliozoea kugombana, kuoana na kutaniana kwa lugha waliyoiunda wenyewe walitakiwa warudishwe kila mmoja kwenye kabila lake, wasisikilizane. Hilo halikufanikiwa. Tsotsitaal ilipanda malori pamoja na vitanda, na lugha ya mtaani inayosikika Soweto leo ina damu yake.

Jina lililoporwa na jina lililosahauliwa

Juu ya vifusi serikali ilijenga nyumba za wafanyakazi wa Kizungu, na mtaa ukapewa jina jipya: Triomf, neno la Kiafrikaans lenye maana ya ushindi. Ushindi dhidi ya nani? Dhidi ya akina mama wa shebini na watoto wa uani? Mwandishi Marlene van Niekerk, anayeandika kwa Kiafrikaans, alilichukua jina hilo na kulifanya jina la riwaya yake ya mwaka 1994, inayohusu familia maskini ya Kizungu inayoishi katika mtaa huo juu ya mabaki ya waliofukuzwa. Anayeisoma hauoni ushindi wowote.

Lakini wenye Triomf walisahau kitu kimoja. Walibadili jina la mtaa, ila barabara nyingi wakaziacha na majina yake. Toby akabaki, Gerty akabaki, Bertha, Edith, Ray. Kwa zaidi ya miaka arobaini mzee wa Meadowlands angeweza kumwambia mjukuu wake kuwa alizaliwa barabara fulani, karibu na kona fulani, na mjukuu akienda angeikuta kona. Tulipoelewa hilo, tulielewa pia kwa nini bibi wa mwenzetu aliweza kusema kwao ni Kofifi. Hakuwa mkaidi. Alikuwa na anwani.

Tarehe 11 Februari 2006 jina la Sophiatown lilirudishwa rasmi. Tunafurahi, ila tusidanganyane. Jina limerudi, watu hawakurudi. Sheria ya kurudisha haki za ardhi ya mwaka 1994 iliwapa waliopokonywa nafasi ya kudai, na madai mengi ya mijini nchini humu yaliishia kwa fidia ya fedha, kwa sababu juu ya kiwanja palikuwa na nyumba ya mtu mwingine aliyeinunua. Fedha hulipa mabati na matofali. Hailipi nusu karne ambayo kiwanja hicho kingekuwa dhamana ya mkopo, karo ya mtoto, au chumba cha kupangisha uzeeni.

Padri wa barabara ya Ray na askofu wa Masasi

Jengo jingine lililonusurika ni kanisa la Kianglikana la Kristo Mfalme, lenye mnara unaoonekana kutoka mbali. Lilijengwa miaka ya 1930. Watu walipoondolewa liliuzwa na kutumiwa kwa mambo mengine, kisha Waanglikana wakalinunua tena katika miaka ya 1990. Hapo ndipo Mtanzania mmoja katika msafara wetu aliposoma jina akashtuka: Trevor Huddleston.

Kwa watu wa Sophiatown, Huddleston ni yule padri Mwingereza aliyefika mwaka 1943, aliyekwenda kumtazama kijana Desmond Tutu hospitalini alipolazwa kwa miezi mingi na kifua kikuu, na aliyemtafutia Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza. Alisimama na wakazi siku ile ya malori. Alikubali shule ya St Peter's ifungwe kuliko kuikabidhi kwa elimu ya kibaguzi. Kisha shirika lake lilimwita arudi Uingereza, na mwaka 1956 kikatoka kitabu chake *Naught for Your Comfort*, kilichoifanya dunia ijue Sophiatown ni nini.

Kwa watu wa kusini mwa Tanzania, Huddleston ni askofu wa Masasi. Alifika huko mwaka 1960, wakati Tanganyika inakaribia uhuru, akakaa hadi 1968, akijifunza Kiswahili na kufanya kazi kwa Kiswahili, kisha akampisha Mtanzania, askofu Hilary Chisonga. Mwenzetu amekua akisikia habari za askofu huyo bila kujua kwamba kabla ya Masasi palikuwa na Sophiatown. Na mwenzetu wa Soweto alijua habari za padri bila kujua kuwa baada ya Sophiatown palikuwa na Masasi. Walisimama mlangoni mwa kanisa wakisimuliana, kila mmoja akiwa na nusu ya mtu mmoja.

Kuna jambo linalozidisha uzito. Masasi ya misheni ilianzishwa mwaka 1876 na askofu Edward Steere, yule yule aliyetunga kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Wakazi wake wa kwanza walikuwa watu waliookolewa utumwani, waliochukuliwa kutoka Zanzibar ili warudishwe bara. Yaani padri aliyeshuhudia watu wakinyang'anywa kwao alikwenda kuwa mchungaji mahali palipoanzishwa na watu walionyang'anywa kwao. Alifariki mwaka 1998, na majivu yake yaliletwa kuzikwa hapa, kwenye kanisa lake la Sophiatown.

Na sisi je?

Tulirudi jioni kwa daladala za hapa, ambazo wenyeji wanaziita teksi, na wengi wetu tulishukia Yeoville. Yeoville nayo ina historia yake. Zamani ilikuwa ya Wazungu, miongoni mwao Wayahudi wengi. Tangu miaka ya 1990 imekuwa makao ya watu kutoka Kongo, Nigeria, Zimbabwe na kwingineko. Ukipita sokoni barabara ya Rockey utasikia Kiswahili cha Kivu na cha Katanga kikichanganyika na Kifaransa, Kilingala na Kizulu. Mama anayeuza mihogo na samaki wakavu atakuita "mwanangu" kabla hujafungua mdomo. Ua mmoja, bomba moja.

Nasi hatuna hati. Sisi ni wapangaji. Tunakumbuka pia Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilipoanzia mtaa wa Alexandra, hapa hapa Johannesburg, na watu 62 wakapoteza maisha nchini. Mmoja wetu alisema katika gari kwamba yeye hawezi kuwalilia watu wa Sophiatown wakati wajukuu wao wanamwambia arudi kwao. Dada wa Meadowlands hakumjibu haraka. Mwisho alisema kwamba bibi yake naye aliambiwa arudi kwao, katika jiji lake mwenyewe, na ndiyo sababu yeye alijiunga na klabu hii. Hatuna la kuongeza juu ya hilo, ila tumeliandika ili lisipotee.

Huko nyumbani nako mitaa ya zamani inaondoka, hata kama si kwa malori ya polisi. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, kama ilivyo Kariokor ya Nairobi. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi wa katikati, zenye baraza mbele, zinabomolewa moja moja kupisha maghorofa. Pengine maghorofa yanahitajika. Lakini nani ameandika nani alikaa katika nyumba ipi, baraza lipi lilikuwa la bao na lipi la kahawa, na kona ile iliitwaje kabla ya kuitwa jina la benki?

Mwaka 2018 waziri wa elimu ya msingi wa Afrika Kusini alitangaza kwamba Kiswahili kitaruhusiwa kufundishwa katika shule za nchi hii kama lugha ya hiari. Tulishangilia. Tunadhani kazi yetu isiishie kwenye ngeli na vitenzi. Kwa hiyo klabu imekubaliana jambo dogo. Likizo hii kila mwanachama, awe anakwenda Meadowlands, Masasi, Majengo au Bukavu, amketishe mzee mmoja amuulize swali letu la Jumamosi ile: kwenu ni wapi? Akitaja mahali ambapo hapapo tena, amwombe ataje barabara, kona, jirani wa kulia na jirani wa kushoto, na majina ya watoto waliocheza nao. Yaandikwe yote, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mzee mwenyewe, yaletwe muhula ujao.

Na wewe msomaji, kama una mzee, usingoje likizo.